Ufuko Ulioukataa Mara Tatu

Bukavu, Jumapili jioni

Yaya Polycarpe, kaka yangu mukubwa,

Papa yetu alipotea ziwani tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, mwaka jana, pale boti la mbao lilipozama likitoka Idjwi. Naanza na hayo, salamu zifuate, maana siku hizi unasoma salamu zangu, unakunja karatasi, kisha unasema umesoma barua.

Sasa nakusalimia. Habari ya Nyangezi, habari ya bibi yako Carine na watoto? Kikohozi kimekuachilia? Huku sisi tuko. Mama anatembea, ila goti la kuume linamusumbua. Mulango wa jikoni bado anakataa tuufunge na kufuli usiku. Anasema muzee alitoka bila ufunguo. Mwaka muzima, Yaya, na wezi wa muji huu unawajua.

Unakumbuka kwenye kikao cha familia ulisema kwamba, kwa kuwa mwili haukuonekana, tutatosha matanga, tuyaondoe kando ya maji: tuvue nguo nyeusi, Mama atupe maua, tumalize. Ukasema mimi Emérence nichague fasi ya kukaa, juu nakodisha viti na matente, najua kukalisha watu. Tonton Adalbert, mujomba wetu, akacheka, akasema tazama, mutoto aliyeacha shule darasa la sita leo anapima ziwa. Viti mia nne nilivyo navyo vilitoka kwenye beseni moja la mandazi, na hakuna aliyenishikia hilo beseni.

Basi nikapima. Nilianza hapa mujini, Nguba, fasi uliyopenda wewe kwa ajili ya bustani na picha nzuri. Kuna ukuta wa saruji, kisha maji marefu palepale. Fimbo ya mita tatu haikugusa chini. Mama angetupa maua kama mutu anayemwaga takataka kutoka kwenye balkoni. Upande wa Katana, mawe meusi yanakata viatu, na muteremuko ule goti lake haliwezi. Ishungu iko na matete mengi. Viti arobaini vinaingia, wengine wote wasimame ndani ya tope kama bata. Lakini wamama wa soko waliniambia kwamba Birava kuna kipande cha muchanga, tambarare, gari linafika mpaka chini. Nikakuandikia kwa simu.

Ukajibu kwamba Birava ni matope. Nikakutumia picha ya muchanga mukavu. Ukajibu kwamba ni mbali. Nikakukumbusha kwamba Katana ni mbali zaidi, na Katana hukuikataa. Mara ya tatu ukajibu kwamba pale hapana heshima. Hapo nikaweka simu chini. Nimekodisha viti miaka kumi na tisa, Yaya. Muteja anayekupa sababu tatu kwa jambo moja, sababu yake ya kweli ni ya ine, na hiyo hasemi.

Jumatano iliyopita nikaenda mwenyewe.

Nilipokuwa navuta mita yangu juu ya muchanga, alikuja mwanamuke anaitwa Maisara. Bwana yake Kalume, mutu wa asili ya Uvira, ananunua samaki wadogo wa sambaza pale na kuwaanika. Akaniuliza kama nataka kununua ziwa lote ao nusu tu. Tukacheka. Nikamueleza kwamba natafuta fasi ya kumulilia baba aliyezama. Akaacha kucheka. Akauliza kama baba yangu alikuwa Muislamu. Nikasema alikuwa katekista, hata kuku wetu walijua Salamu Maria. Maisara akakaa chini.

Akanieleza kwamba mwaka jana, siku chache kiisha lile boti kuzama, maji yalileta mutu. Uso haukuwa uso tena. Lakini alikuwa amejizungushia shanga kwenye mukono. Kalume akaona tasbihi, akasema huyu ni ndugu yetu, hatumuachii maji. Wakamuosha, wakamufunga sanda nyeupe, wakamulaza kuelekea Kibla, wakamusalia.

Nikaomba kuziona hizo shanga, Kalume akazileta kutoka nyumbani. Nikahesabu: hamsini na tisa. Tasbihi haina hamsini na tisa; rozari ndiyo iko nazo. Musalaba ulikatikia majini. Na katika kumi la pili kuna moja ya buluu, ile Mama aliyotosha kwenye mukufu wake akaifunga kwa nailoni ya wavuvi. Kalume alipoelewa akashika kichwa, akaomba musamaha. Akasema hakuhesabu, juu mutu wa kufa hahesabiwi shanga. Nikamujibu kwamba mutu aliyemuosha baba yangu haniombi musamaha. Akaniachia rozari.

Sasa lile linalonifanya niandike. Maisara alisema mimi si wa kwanza. Mwezi mumoja nyuma ya maziko alikuja mwanaume wa koti, mukono wa kushoto hana kidole kidogo. Alizishika shanga muda murefu. Akauliza walivyomuzika, wakamueleza sanda, Kibla, sala. Akaingia majini na viatu vyake, akawapa mugongo, mabega yakatikisika. Aliporudi akasema huyu si baba yake.

Kidole chako kilibaki kwenye mashine ya kusaga mihogo, Yaya, na mimi ndimi niliyekufunga kitambaa. Na wewe ukaja nyumbani ukatuambia umemaliza kando zote za ziwa, hakuna kitu.

Najua uliogopa nini. Katekista kuzikwa kwa sala ya Waislamu, parokia kucheka, wewe préfet, mukubwa wa shule, kunyooshewa vidole mbele ya wanafunzi wako. Lakini ulilala kwetu mara ngapi mwaka huu, ukamusikia Mama akiamka kutazama ule mulango?

Mama hajui bado. Kaburi liko kati ya miti miwili ya avoka, na Maisara analifagia kila Ijumaa. Muchanga unapokea viti mia moja ishirini bila kubanana. Jumamosi tunaenda Birava, hilo limekwisha. Kama Papa abaki pale ao ahamishwe, hiyo ni ya Mama kusema.

Umusalimie Carine, uwashike watoto vichwa kwa niaba ya shangazi yao. Dereva wangu aliyekuletea barua hii atarudi kwako Jumatano, saa sita ya muchana. Jioni ile naweka rozari mukononi mwa Mama, na ataniuliza nani aliishika kabla yangu. Nataka kumujibu kwa neno lako. Ulipozishika shanga zile, ulimutambua Papa, ndiyo ao hapana? Usiniandikie matope, usiniandikie mbali.

Mudogo wako,
Emérence