Kijiwe cha Jino la Mama

Mtaa wa Kuze,
Mji wa Kale,
Mombasa.
18 Januari 2025

Mpendwa kaka yangu Badawi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Sharjah? Wifi yangu Mirriam na watoto hawajambo? Nilisikia mdogo alikuwa na kikohozi. Mwenyezi Mungu amwondoshee. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu halitupi nafasi hata ya kulala vizuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu mama husikia kila neno. Nyumba yetu waijua. Nakuomba uisome peke yako.

Umeuliza mara nyingi kwa nini mama hataki tena simu ya picha. Yeye hukwambia mtandao wa huku ni mbovu. Mtandao hauna neno, kaka. Mama alikuwa anaficha jino.

Baba alipofariki, mama alikaa eda yake kwa utulivu, lakini ilipokwisha hakutoka. Alikuwa akishinda chumbani, tasbihi mkononi, chakula anakigusa na kukiacha. Siku moja nikambembeleza tuende Makadara kutafuta kitambaa cha buibui. Njiani akasimama mbele ya duka la msichana mmoja aitwaye Joy, ambaye kazi yake ni kubandika meno vile vijiwe vya kung'aa. Mama akatazama picha za pale dirishani kwa muda. Nyanya yake, unakumbuka tulivyohadithiwa, alikuwa na jino la dhahabu, na mama tangu usichana alitamani lake asilipate.

Akamwuliza Joy, "Kazi hino yafanyiwa watu wazima pia?"

Joy akacheka. "Mama, meno ni meno. Kaa hapa."

Alimsafisha jino, akalikausha, akatia gundi ile ya madaktari wa meno, akaweka kijiwe kidogo kama punje ya ufuta, kisha akakimulika kwa taa ya buluu mpaka kikashika. Akamwambia siku hiyo asile cha moto wala kigumu, na baadaye asitafunie upande ule vitu vya kunata, asikichezee kwa ulimi wala kucha, na mswaki wake uwe laini. Akasisitiza pia kwamba siku akitaka kukitoa arudi kwake au aende kwa daktari. Asikibandue mwenyewe.

Kaka, ungemwona alivyokitunza! Harusini kwa kina Jihan alipitishiwa halua akaisukuma kwangu, yeye na halua uwajuavyo. Mabuyu aliyaacha kabisa. Kashata alikuwa akiivunja kwa kisu vipande vidogo na kuitafuna kwa magego ya upande wa pili. Hakufungua tena kitu kwa meno. Miezi ikapita na kijiwe kikabaki palepale, ilhali waliobandikwa wakati mmoja naye vyao vimeshawadondoka. Joy mwenyewe alishangaa.

Na alikuwa anacheka. Jioni alikuwa akitoka na Bi Mejumaa, jirani yetu, wanakwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo, na kicheko chake nilikuwa nakisikia wakiwa bado kichochoroni wanarudi. Ndipo nikampiga ile picha nikakutumia. Nilidhani utafurahi kumwona vile.

Ulipopiga nilikuwa jikoni, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Ulisema, "Mama, baba hata mwaka hajamaliza kaburini, nawe wajipamba meno kama msichana? Watu wa Kuze watasema nini?" Naye akakujibu, "Haya, mwanangu. Nimesikia." Akakuuliza habari za watoto, akakata.

Najua ulikuwa na uchungu. Hukuwahi maziko, na aliye mbali msiba humkaa vingine. Sikulaumu kwa hilo. Lakini kesho yake asubuhi niliporudi kutoka sokoni nilimkuta bafuni ameinamia beseni, mkononi ana koleo ndogo ya baba. Kijiwe kilikuwa kimeshika imara kwa vile alivyokitunza, hakikutaka kutoka, naye akakivuta kwa nguvu. Kilitoka na kipande cha jino la mbele.

Nikamuuliza kwa nini hakuningoja tuende kwa Joy. Akasema, "Nimeona haya kurudi. Atauliza sababu, nami nimwambie nini?"

Tangu siku ile maji ya baridi yalimchoma, na akawa anazungumza huku ameshika ncha ya leso mdomoni. Bi Mejumaa alikuja mlangoni kumwita mpaka akachoka. Nami kila nikimtajia daktari, ananiambia jino moja si kitu kwa mtu wa umri wake.

Wiki iliyopita alikubali. Tulikwenda kwa daktari wa meno mmoja, Daktari Kadenge, mtu mpole sana. Alisema jino lingali hai, akaliziba vizuri hata hujui limevunjika wapi. Mama alipokuwa anajitazama kwenye kioo, daktari akamwambia kwamba kama bado anapenda vijiwe, jino lile lililozibwa liachwe, lakini la pembeni ni zima na yeye mwenyewe anaweza kumbandikia.

Mama akarudisha kioo. "La, daktari, ahsante. Mwanangu hapendi."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwamba mwanawe hali pilipili. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta tuktuk.

Jana Bi Mejumaa alikuja na vituko vyake, na mama akacheka. Jino ni zima, halina kasoro, lakini mkono ulipanda wenyewe ukafunika mdomo.

Kaka, usimpigie simu kumwomba radhi. Atajua nimekwambia, na haya zitamzidi. Nakuomba uje. Tafuta ruhusa hapo kazini uje kabla ya Ramadhani, hata kwa siku chache. Mpeleke wewe kwa Daktari Kadenge, mkono wako ukiwa umeshika wake, na umchagulie kijiwe kwa macho yako. Kwangu mimi hatakubali. Nimeshajaribu.

Nisalimie sana wifi Mirriam, na watoto wabusu mmoja mmoja. Bi Mejumaa anakusalimu, na shangazi Jawahir anasema amekuombea kila sala. Mama angekusalimu pia, ila hajui kama naandika. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akufungulie njia ya kurudi nyumbani salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungojea,

Salha binti Yeslam