Kipimo cha Mama

Gatesi,

Tangu Mama atutoke Jumatatu ya Pasaka, namchoma mdogo wetu Egide insulini kwa kipimo cha daftari la Mama. Leo asubuhi alitetemeka, akalowa jasho. Nikamnywesha chai yenye sukari nyingi. Alipopata nguvu akasema, “We dada, unataka nimufuate mama?” Akacheka. Mimi sikuweza.

Muuguzi jirani anasema mafigo yakichoka kama yake, dawa hukawia mwilini, hivyo kipimo hupunguzwa. Kumbe Mama alikipunguza bila kuandika.

Ukituletea chakula hospitali, usitie chumvi, wala sambaza kavu, wale dagaa wa ziwani.

~~Usimwambie Baba.~~ Baba akirudi kutoka Rugerero, mwambie nilikosea mimi.

Nampeleka hospitali sasa. Muuguzi anasema watamlaza leo, nami nitabaki naye.

Dada yako mkubwa