Kuku Zangu na Arobaini ya Marehemu

Jumatatu, 5 Machi 1956
Mvua. Kuku hazitagi. Zimejikunyata chini ya cherehani ya marehemu mume wangu, kinyesi kijani, macho yanafumba. Mi iko katika eda, hata sokoni siendi. Mpishi wa hoteli ya ziwani ametuma mutu kuulizia mayai. Mayai ndiyo chakula yangu sasa! Shemeji Kadiri alipita, akasema hizo ni mizoga tayari, nizitupe. Kuku nilizinunua mwenyewe, kwa kufuma vitambaa. Hakuuliza.

Jumatano, 7 Machi
Mukankusi, muuza samaki wa Nyamyumba, ameniletea majani ya umubirizi. Machungu, weee! Nimetwanga, nikakamulia kwenye maji yao. Kwenye pumba nimetia kitunguu saumu na makaa ya kusaga. Kwao wanatibu hivyo, anasema. Moja imekufa hata hivyo. Nimelia. Kwa mume wangu machozi yaligoma — kwa kuku yamekuja.

Jumatatu, 12 Machi
Zinakula!

Ijumaa, 16 Machi
Mayai kila asubuhi, maganda magumu. Vishungi vyekundu. Mpishi ameanza kuchukua tena. Mukankusi ananionya nipunguze majani, uchungu usije ukaingia kwenye yai. Nimepunguza. Nimecheka kidogo leo, kisha nikaona haya.

Baada ya sala Kadiri alikuja. Alisimama uani, anaziangalia tu. Halafu akanishukuru. Ati nimetunza vizuri kuku za ndugu yake, arobaini haitakuwa na aibu. Nikamwambia ni zangu. Akajibu kwa upole, "Shemeji, mwenye eda hagombani."

Mahali pa kushitaki iko nje. Mi iko ndani.

Jumamosi, 17 Machi
Nimewaza kuacha dawa. Zikinyong'onyea tena, nani atazitaka? Nikaziwekea maji matupu. Zilikuja mbio kunywa. Nikamwaga, nikatwanga majani. Bon, mi ni mujinga.

Jumatatu, 19 Machi
Arobaini ni kesho. Kadiri amechinja tangu asubuhi. Amesifu nyama — mafuta mengi, anasema. Wanawake wananyonyoa uani, wananipa pole ya mume.

Imebaki ile nyeusi. Iko kwenye kiota, humu chumbani. Nimemwambia Kadiri, "Iache itage kwanza." Amekubali, amekaa mlangoni na kisu.

Yai limeshatoka. Nimeliona. Kadiri ameuliza, nimesema bado. Kuku wakishataga wanapiga kelele, kila mutu anajua. Namuomba Mungu hii inyamaze.