Gunia la Majani Yenye Madoa

Mpui, 24 Machi 2025

Mwanangu Klementina,

Salamu kutoka nyumbani. Goti langu linauma kila mvua ikinyesha, mengine ni ya kumshukuru Mungu. Wewe je, kifua kimepona? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikianza kusema, unasema mtandao unakata.

Sikiliza. Yule mwenzako wa kazini, Enock, ni adui yako. Nilikwenda Sumbawanga kuuza ulezi, nikalala kwa shangazi yako kwa sababu ya mvua. Niliporudi, jirani yetu Christopha akaniambia kamwona Enock na gunia kwenye lile eneo nililokupa la kujaribia mbegu zako za maharage. Nikaenda mbio. Masikini mimi! Kila tuta limetandazwa majani makavu ya maharage yenye madoa. Majani ya ugonjwa, mwanangu, na mvua imeshayanyeshea! Anakuonea wivu huyo, anataka mbegu zako zife uonekane umeshindwa.

Sikukubali. Nimeyaokota yote nikayachoma. Nikaazima bomba la kupulizia la jirani Kasimiri, nikapulizia dawa maharage yako mpaka chupa ikaisha. Yangu hayakupata hata tone, lakini yako yamependeza. Huyo Enock mshtaki kwa bosi wako upesi.

Mama yako

Mbeya, 2 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona, pole na goti.

Lakini mama, umefanya nini? Enock nilimtuma mimi! Majani yale niliyakusanya kwa mikono yangu. Tunaweka ugonjwa makusudi, ili tuone mbegu ipi inaanguka na ipi inasimama. Ukinzani, yaani nguvu ya kushinda ugonjwa, umo ndani ya mbegu, inaurithi kwa wazazi wake kama mtoto anavyorithi pua, ila kwa macho huuoni mpaka ugonjwa uje. Sasa umepulizia dawa, zote zimesimama, ngumu na dhaifu. Nitajuaje ipi ni ipi? Miaka mitatu nimechavusha maua yale kwa mkono, moja moja, na kazi yote imekwenda na maji!

Nilikuomba jambo dogo tu: mama, usiguse. Ugumu uko wapi hapo? Sikukueleza zaidi kwa sababu maelezo yake ni marefu.

Mwanao Klementina

Mpui, 11 Aprili 2025

Klementina,

Salamu zako zimefika. Afya yangu usiiulize.

Maelezo marefu! Baba yako alipofariki ulikuwa mdogo, ukaniuliza kila siku atarudi lini, na kila siku nikakaa nikakueleza. Hayo yalikuwa mafupi? Hata mgeni hupiga hodi. Wewe umeniletea ugonjwa shambani, kwa gunia, nikiwa sipo, halafu mharibifu ni mimi?

Maharage yangu yameshika madoa. Yalianza majani ya chini, sasa matuta yote yanapukutika. Ya Christopha vilevile, maana shamba lake linapakana na letu. Na dawa yote nilimwaga kwenye yako, mjinga mimi!

Unauliza ugumu uko wapi. Ugumu ni kwamba mzazi akiona mtoto wake anafanyiwa ubaya hawezi kukaa amekunja mikono. Niliona unaonewa nikakutetea. Kumbe nilikuwa nakutetea dhidi yako mwenyewe.

Mama yako

Mbeya, 18 Mei 2025

Shikamoo mama yangu,

Goti linaendeleaje? Nimepiga simu hupokei. Hii ni barua ya pili tangu ile yako, na ya kwanza hukuijibu.

Nisamehe kwa maharage yako. Tulidhani tumeacha nafasi ya kutosha kati ya eneo la majaribio na mashamba yenu, lakini mvua na upepo wa mwaka huu vimetushinda. Sina la kujitetea.

Mama, nina ombi. Bosi amekubali nirudie msimu ujao, ila safari hii anataka mwenye shamba aridhie na majirani waridhie. Nikikosa shamba, mbegu zangu zitafungiwa stoo, basi. Waambie majirani kwamba ikipatikana mbegu inayoshinda ugonjwa huu, hawatasumbuka tena na dawa. Wewe wanakusikiliza.

Mwanao Klementina

Mpui, 8 Juni 2025

Mwanangu Klementina,

Goti liko vilevile. Nimevuna maharage ya mboga tu, ya kuuza hakuna. Christopha hata ya mboga hakupata.

Unasema wananisikiliza. Walikuwa wananisikiliza! Jumapili iliyopita Jumuiya yetu ya kanisa ilisali hapa kwangu. Tulipomaliza sala Christopha akasimama, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Klementina, yule kijana wa gunia alituletea ugonjwa. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikajibu nilijua. Nikasema nilimruhusu mwenyewe.

Chai niliyopika hawakuinywa, wakaaga mmoja mmoja. Tangu siku hiyo Christopha ananipita kisimani bila salamu, sisi tuliosimamiana ubatizo wa watoto!

Na usidhani nilidanganya kwa ajili ya mbegu zako. Hasira ninayo bado, nakuambia wazi. Nilidanganya kwa sababu ukweli ulinishinda kuusema. Ningewaambia nini? Kwamba mtoto niliyemzaa alimwambia Enock, akamwambia bosi, akamwambia na dereva aliyemleta Enock na lile gunia, ila mama yake mwenye shamba akaona hana haja ya kuambiwa? Niliona aibu, Klementina. Nikaona heri waniite jirani mbaya.

Usinijibu kwa barua. Panda basi uje, na uanzie kwa Christopha.

Mama yako