Kadi ya Salamu ya Fundi Saa

Ghubra, Maskati
Ijumaa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Mama unayemsomea, shikamoo, na tafadhali soma kila neno. Baba aliniambia kwamba barua yangu ya Ramadhani, kurasa tatu, ulimsomea hivi: "Hajambo, kuna joto." Hii usiifupishe. Baba, jicho la operesheni linaendeleaje? Mama, goti je? Mimi ni mzima, na joto kweli lipo. Bado nafundisha hesabu, na bado nimepanga chumba cha juu kwa Bi Zuwena, yule mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja.

Nawaandikia kuhusu kesi ya kadi ya salamu.

Baba, tangu kabla sijazaliwa umekuwa ukidai kwamba ulipomchumbia Mama ulituma kadi redioni, ikasomwa, na wimbo ukapigwa. Mama naye anasema Jumapili uliyomwahidi alikaa mbele ya redio na shangazi zake wanne, betri mpya, kanga mpya, wakasalimiwa watu wa nchi nzima isipokuwa yeye. Ukajitetea kwamba kadi ilichelewa njiani, ukatuma ya pili, nayo ikasomwa Jumapili iliyofuata. Lakini Jumapili hiyo Mama alikuwa ameshaapa kutosikiliza redio tena, na shahidi wako pekee ni Mzee Kibwana, fundi cherehani mliyegawana naye kibaraza, ambaye ni kiziwi. Ndipo ukazaliwa ule msemo wetu. Kaka akisema yuko njiani, Mama humjibu, "Njiani kama kadi ya salamu."

Ninyi mlikuwa mkicheka. Mimi nilikuwa nakosa usingizi. Niliwaza kwamba kama kadi haikuwepo, basi nyumba yetu imejengwa juu ya uongo na mimi nimo ndani. Nilikuwa na miaka tisa.

Sasa sikilizeni. Uani kwa Bi Zuwena kuna gari kuukuu. Injini inawaka, kiyoyozi kinapuliza, ila haliendi popote, gia zilikufa zamani. Mwanawe anataka kuliuza kama chuma chakavu. Bi Zuwena hataki kusikia, kwa sababu ndani ya nyumba nzima hakuna chombo kingine chenye mahali pa kutia kaseti. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tunakaa humo, yeye kwenye usukani, mimi ubavuni pake, chupa ya chai ya maziwa katikati yetu.

"Funga mkanda," huniambia.

"Bibi, hatuendi popote."

"Hujui wewe. Funga."

Na kweli huwa tunakwenda. Wageni wake huwaambia yeye ni mtu wa taarabu tu. Dansi anaisikiliza garini, vioo vimepandishwa. Ni zile nyimbo ndefu za enzi zenu: mwimbaji anaanza kumsihi mkewe polepole asisikilize maneno ya majirani, magitaa yanasemezana nyuma yake, kisha tarumbeta zinaingia, chemko, ile sehemu ya kasi, linaanza, na hakuna anayekumbuka tena mke alikosa nini. Baba, mguu wako ulikuwa ukianza kugonga chini ya meza kabla ya tarumbeta, na wateja wakaanza kuhofia saa zao.

Ijumaa iliyopita nilikuta kaseti imeandikwa IMEHARIBIKA.

"Iache hiyo," akasema Bi Zuwena. "Hiyo maneno matupu."

Akanieleza. Siku zile, akiwa bado Unguja, alikuwa akiielekeza redio ya mumewe kwenye kinasa sauti chake, vinatazamana kama wagomvi. Wimbo ukianza, anabonyeza. Mtangazaji akifungua mdomo, anazima mara moja. "Siku hiyo n'likuwa nakaanga samaki, n'kasahau kuzima. Mtu akasalimiana na dunia nzima ndani ya kaseti yangu! Miaka yote hii nnamlaani."

"Mbona umeitunza?"

"Upande wa pili mzuri."

Nikaiweka. Kwanza samaki: chwaaa. Kisha mtangazaji, sauti yake imenyooka kama shati la Idi, anasoma kadi. Akataja jina la aliyeituma, kazi yake na mji wake.

Nikaruka. Nilisahau nimefungwa mkanda, ukanirudisha kitini kwa kishindo.

"Yallah! Tumegonga nini?" akapiga kelele Bi Zuwena, mguu kwenye breki.

"Ni baba yangu!"

"Wapi?" Akaangalia mbele ya gari.

Tulirudisha nyuma mara nne. Mara ya nne nilikuwa nalia, na pia nahesabu, kwa sababu namjua Mama. "Bibi," nikasema, "mama yangu ametajwa wa saba. Hata kinyozi amemtangulia. Atakasirika."

"Mjinga we! Na shule yote hiyo? Wa mwisho ndiye mwenye wimbo. Akishatajwa yeye tu, gitaa linaingia. Hao wengine wapambe."

Akachukua kalamu, akalikata lile neno IMEHARIBIKA, akafikiri kidogo, akanipa kaseti bila kuandika kitu kingine.

Ningeweza kuwatumia sauti kwa simu. Lakini Mama angesema siku hizi sauti zinatengenezwa. Kaseti yenyewe anawaletea binamu Mwanaidi, anayekuja likizo. Ila kabla haijafika, nataka jambo moja. Mama hajawahi kusomewa kadi hii. Basi aisome.

Kwanza nisalimieni kaka, na mwambieni afike. Nisalimieni shangazi wawili wa Mama waliobaki. Wao walisubiri pia. Mzee Kibwana mwandikieni kwenye karatasi kwamba alikuwa shahidi wa kweli. Bi Zuwena anawasalimu, na anamwomba Baba radhi kwa laana.

Sasa Mama, weka miwani sawa. Baba, sogea. Soma kwa sauti, usiruke hata jina moja:

"Kadi hii ni ya Bakari Fundi Saa wa Muheza. Anawasalimu Hamza Kinyozi. Mzee Kibwana wa cherehani, ingawa hasikii. Golikipa Juma Mikono. Wachezaji wote wa akiba. Dereva wa trekta la mkonge. Mama wa chapati pale stendi. Na wa mwisho ni Mwalimu Zainabu wa darasa la pili, aliyemsubiri Jumapili iliyopita. Ujumbe wa Bakari unasema: salamu hazichachi."

Gitaa linaingia hapa. Baba, angalia mguu wako.

Binti yenu wa Maskati,
Tatu