Mashine Waliyoiita Dada

Wazo, Dar es Salaam
Jumatano mchana

Dada yangu Asumini,

Shikamoo. Niitikie kwa sauti hapo ulipokaa, hata wakikucheka, ili nihesabu kuwa umeipokea. Vipi mguu wa shemeji, ameanza kuukanyagia? Na kifua chako, bado kinabana ukilala chali? Zuhura wangu anakula, au bado anatafuna udongo kwa kificho akidhani humwoni? Mie mwili mzima. Linalonisumbua ni vumbi la saruji tu, maana kiwanda hiki hakipumziki. Unaanika shuka jeupe asubuhi, mchana unaanua shuka la rangi ya majivu.

Barua hii anakuletea yule mama muuza korosho aliyekuja kumwona mwanawe. Nimeandika, sikupiga, kwa sababu nyie simu mnaiweka spika hapo uani, mtu akikohoa huku jirani anasema pole huko. Haya ya leo yasome peke yako kwanza. Zuhura asiyasikie kwenye spika. Mwandiko unisamehe, darasa la nne lenyewe nililiacha njiani, unajua mwenyewe.

Dada, nilimwahidi Zuhura kwa mdomo huu kwamba uzazi wake wa kwanza nitamkanda mie, siku zote arobaini. Sasa tumbo lake limeingia mwezi wa nane na mie bado niko ndani ya geti hili.

Geti lenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Nyumba ni ya Mama Kelvin, anafanya kazi ofisini mjini, anatoka kabla jua halijachomoza vizuri. Mie nabaki na mama yake, Bibi, ambaye kumbukumbu zimemtoka. Mwaka juzi alitoka nje mwenyewe, wakamkuta kwenye geti la kiwanda anamuulizia mumewe aliyekufa zamani. Tangu hapo Mama Kelvin anafunga kwa kufuli, ufunguo anaondoka nao kwenye pochi, na mwingine yuko nao jirani kwa ajili ya dharura. Kufuli ni la Bibi. Lakini kufuli halina macho, linatufungia wote wawili. Siku yangu ya kutoka ni Jumapili, kuanzia wakitoka kanisani mpaka saa kumi na moja jioni.

Basi Jumapili iliyopita akanipitia Somoe, yule mtoto wa Masasi niliyekuambia anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapa. Kwa kawaida tunakaa kibarazani kwake tunasukana. Siku hiyo hakutaka kukaa. Akasema leo banda la video nyuma ya soko wanaonyesha sehemu ya pili ya ile picha ya mashine, na ya kwanza alikuwa ananisimulia wiki tatu mfululizo mpaka masikio yakauma. Nikaenda ili anyamaze.

Banda ni mabati na mabenchi, na mbele televisheni pana kama mlango. Pembeni yake anakaa kijana na maiki, wanamwita Mkalimani, kazi yake ni kusema Kiswahili juu ya Kizungu cha kwenye picha. Anasema sauti zote, za wanaume, za wanawake, hata mbwa anabweka yeye.

Dada, rangi zile sijui nikuelezeje. Mvua inanyesha rangi ya embe bivu. Mji mzima wa vioo, nyumba zimening'inia hewani kama popo. Halafu ng'ambo ya mji kuna mchanga mwekundu hauna mwisho, mwekundu vilevile kama barabara ya kwetu Newala, mpaka nikajikuta natafuta kwa macho nyumba ya marehemu mama. Fundi ujenzi mmoja mbele yangu hakukubali. Anauliza nyumba zimesimama bila nguzo, fundi wake nani, na mvua ikinyesha siku tatu tutaongea. Babu mmoja aliyeegemea bati akawa analalamika ya kwanza ilikuwa na ngumi, hii watu wanatazama madirisha tu. Somoe anamkonyeza kila mtu anyamaze.

Habari yenyewe ni ya mashine ya umbo la mwanamke. Vijana wanasema ni akili mnemba, yaani akili ya kutengenezwa. Alitengenezwa afanye kazi za ndani na kulea mtoto aliyefiwa na mama yake. Sehemu ya kwanza alianza kujifikiria mwenyewe. Hii ya pili amekumbuka mahali alipotengenezewa, huko ng'ambo ya mchanga, anataka akapaone mara moja tu. Lakini bosi wake alimwekea kitu ndani: akiitwa jina lake, miguu inasimama, na lazima aitike. Jina ni la Kizungu, gumu, hakuna aliyeliweza. Mkalimani akaamua kumwita Dada, kama wanavyotuita sie wa majumbani huku.

Sasa mie nimezama kwenye ule mchanga, niko Newala kabisa, mara nasikia sauti nzito ya mwanaume, "Dada!"

Nikaitika, "Abee!"

Tena nilishanyanyuka nusu, mkono unatafuta aproni nikafutie vidole.

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Mmoja nyuma akasema, "Kaa mama, hujaitwa wewe." Mwingine akasema niachwe, chaji imejaa. Nikacheka na mie, ningefanyaje. Mkalimani akasimamisha maneno yake, akasema kwenye maiki kwamba mama anastahili soda kwa kuwahi kuitika. Basi ikawa mchezo. Kila bosi akiita, banda zima linaitika abee, mpaka fundi ujenzi naye anaitika kwa sauti ya kike.

Tukafika mwisho. Yule mashine amesimama getini, geti kubwa la kioo, nje mchanga wote umewaka kama makaa. Ndani mezani yule mtoto amekaa na kijiko mkononi, anasubiri kulishwa. Bosi akaita mara ya kwanza, banda likaitika na vicheko. Akaita mara ya pili, wakaitika wachache. Mara ya tatu hakuitika mtu. Dada, kimya kile, ukasikia bati linavyokunjuka kwa jua. Mguu wa yule mashine ukatetemeka, ukanyanyuka, ukavuka. Wanawake wakapiga vigelegele, Somoe amenikumbatia analia, fundi amepanda juu ya benchi. Babu akauliza kwa nini tunahangaika hivyo, mashine ikikataa kazi si inazimwa tu? Somoe akamgeukia, machozi bado yanamtoka, "Na wewe babu ukichoka, tukuzime?" Hapo hata babu mwenyewe alicheka.

Mie sikupiga kigelegele. Nilikuwa namtafuta yule mtoto. Hawakumwonyesha tena, picha ikaisha kwenye mchanga. Nje watu wamesimama vikundi vikundi, mmoja anasema zile rangi peke yake zinatosha, mwingine anasema haiwezekani mashine ikatamani kwao. Mie tukirudi namuuliza Somoe, sasa yule mtoto nani alimlisha? Akasimama katikati ya njia.

"We Fatu," akasema, "watu wote wanaangalia mlango, wewe unaangalia kijiko."

Usinicheke nikikuambia maneno hayo yalinikaa tumboni kama kiporo.

Jumatatu asubuhi Mama Kelvin anajiandaa kwenda kazini. Mie niko jikoni nakoroga uji wa Bibi. Akaita, "Dada!" Nikanyamaza. Sikupanga, nakuapia. Mwiko mkononi, nakoroga kama sijasikia. Akaita tena. Mara ya tatu akaja mwenyewe mbiombio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mbona huitiki, unaumwa?"

"Siumwi. Naomba uniite mama Zuhura."

"Zuhura ni nani?"

Dada, miaka minne. Dawa za mama yake nazijua kwa rangi, najua siku ya kuzaliwa ya Kelvin, najua hata anavyokunywa chai akigombana na mumewe kwenye simu. Nilitaka kukasirika. Hasira ikaja, halafu ikarudi yenyewe, maana kosa ni langu. Siku ya kwanza yule mwanamke aliyenileta alinifundisha njiani, matajiri wa Dar hawapendi dada mwenye mtoto, kila siku atataka ruhusa. Nilipoulizwa hapa sebuleni una watoto, nikasema sina. Nilisema hivyo kwa mdomo uleule niliomwahidi nao Zuhura. Miaka minne simu zangu za kwenu napigia nyuma ya tangi la maji.

Nikamwambia yote. Mwanangu ana miaka ishirini, tumbo lake la kwanza, anajifungua mwezi ujao, na kwetu mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake. Mama Kelvin akakaa kwenye kile kigoda changu, kiatu bado mkononi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikaepua uji usiungue. Akalia kidogo, akajifuta, halafu akasema neno ambalo sijui kama ni zuri au baya.

"Nenda. Kesho ukitaka, nenda. Lakini niambie mama namwachia nani."

Angesema hapana, ningejua pa kusukuma. Huu ni mwanamke mwema, Dada, ndiyo shida yenyewe. Walishakuja wasichana wawili kushika nafasi nilipougua malaria mwaka jana. Wa kwanza Bibi alimtemea uji usoni. Wa pili, Bibi alimfungia mdomo siku mbili, tukampeleka Bibi hospitali akawekewa dripu. Hata kwa mkono wa mwanawe mwenyewe Bibi hali, anamwona mgeni. Anakula kwangu tu. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Labda kwa sababu namlisha kama nilivyokuwa namlisha Zuhura, namwambia kila kijiko kinakwenda kwa nani.

Mama Kelvin akatoa ufunguo kwenye pochi, akauning'iniza kwenye msumari hapo jikoni, juu kidogo ambapo Bibi hafiki. Akaenda kazini bila kusema kingine. Uko hapo tangu Jumatatu. Nauona nikikata vitunguu, nauona nikiosha vyombo. Mwanzo nilikuwaga nasema kinachonizuia ni geti. Sasa geti liko wazi na mie bado niko ndani.

Tumepatana hivi. Jioni akirudi, na siku nzima Jumapili, kijiko anashika yeye, mie nakaa nyuma ya Bibi asinione na naongea yale maneno ya kila kijiko. Mapajani tumemwekea Mama Kelvin kanga yangu, harufu impoteze Bibi kidogo. Jumatatu jioni alikataa. Jana alikula vijiko vitatu. Bakuli zima lina vijiko kumi na sita, nimevihesabu. Siku atakapomaliza bakuli kwa mkono wa mwanawe, mie na basi la Newala. Ila tumbo la Zuhura haliwezi kusubiri Bibi ashibe, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Kwa hiyo, dada yangu wa kuzaliwa, nakuomba. Nikichelewa, mkande wewe. Mikono yako ni kama yangu, tulitoka tumbo moja. Maji yawe ya moto ya kweli, usimwonee huruma akipiga kelele, anza mgongoni ndiyo uje tumboni. Tumbo mfunge kila asubuhi kabla hajasimama. Uji wake utie pilipili manga nyingi, atalalamika, atakunywa. Asiiname kufua, asibebe ndoo, mumewe akichoka kuchota maji mwambie aje huku Wazo apumzike.

Kwenye mfuko huu kuna kanga moja. Ni doti ile ya zambarau uliyonipa nilipoondoka, nimeichana pale pa katikati. Kipande kimoja ndicho kiko mapajani mwa Mama Kelvin. Hiki kingine ni cha mjukuu. Kimefuliwa mpaka kimekuwa laini, hakitamkwaruza.

Zuhura umwambieje, hapo ndipo nimekaa na kalamu muda mrefu. Usimwambie nimekatazwa, sikukatazwa. Usimwambie nimeruhusiwa nikabaki, ataelewa vibaya, na akielewa vizuri ni vibaya zaidi. Wewe ni mkubwa, mtafutie maneno. Ila mwambie kwamba kwenye nyumba hii sasa wanalijua jina lake. Leo asubuhi Mama Kelvin ameita kutoka chumbani, "Mama Zuhura!" Nikachelewa kuitika. Nilikuwa sijui kama ni mie.

Nisalimie shemeji na mguu wake. Msalimie mkunga aliyenizalisha Zuhura, mwambie asisafiri mwezi ujao hata kwa harusi. Mama mkwe wa Zuhura umsalimie kwa adabu, hata kama yeye haniulizii. Na mwalimu wa madrasa aniombee, asiulize la nini.

Naishia hapa, Bibi ameamka, anaita. Yeye tangu nimekuja hajawahi hata siku moja kuniita dada. Ananiita mama. Nimeshaitika, ngoja nikamlishe.

Ni mimi mdogo wako,
Fatu, mama yake Zuhura