Chupa Niliyoifukia Kwenye Uwele

Shikamoo baba,

Najua sasa huitikii, lakini mdomo wangu haujazoea kuanza na neno lingine. Nimechoka. Nimetoka kupalilia shamba la kijiji, nimekaa mlangoni kwenye nyumba hii ya kijiji cha ujamaa ambamo hukuwahi kulala, nikaona leo nikuandikie.

Unamkumbuka mganga wa zahanati alivyokupapasa tumbo, halafu akaniita nje? Alisema uvimbe ule hauponi. Akanipa chupa ya dawa ya maumivu: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. "Kazi yako ni asiumie tu," akaniambia.

Wiki ya tatu ukaniomba chupa yote. "Mwanangu, nimechoka. Nipe yote nilale." Kaka Yohana akasema upewe. "Ng'ombe akivunjika mgongo tunamwonea huruma tukamchinja, sembuse mzee?" Nikamjibu kwamba baba si ng'ombe, na siku ya mtu anaijua Mungu. Tukagombana mbele yako mpaka ukageukia ukutani. Mimi nilimwona katili, naye aliniona mimi ndiye katili.

Niliogopa atakupa nikiwa sipo. Basi nikaificha chupa kwenye kihenge, nikaifukia ndani ya uwele. Kesho yake asubuhi, nikiwa kisimani na sijakupa kijiko bado, lori la kuhamisha watu likafika. Walipakia chakula kwanza, wakakibeba kihenge kizima wakaja nacho huku mbali. Wagonjwa mngefuata jioni, walisema. Jioni lori halikuja, wala kesho yake.

Siku mbili hizo, baba. Uliuma blanketi likatoboka. Kaka alikushika miguu tu, na afadhali angenitukana. Nilipokueleza chupa ilipo ulinitazama sana, kisha ukasema, "Basi nikande mgongo." Nikakukanda kwa samli mpaka mikono ikafa ganzi.

Ukaondoka alfajiri ya siku ya tatu. Lori likaja saa nne. Tulikuzika pale pale Mungaa, kwenye boma letu la zamani. Chupa niliikuta huku, nilipokuwa nachota uwele wa kupikia waombolezaji. Ilikuwa nusu.

Kaka na mimi hatujakubaliana mpaka leo. Ungeniomba tena chupa yote, ningekunyima tena, na kwa hilo sikuombi radhi. Lakini vile vijiko vinne, vya asubuhi na jioni kwa siku mbili, vilikuwa vyako, na mimi ndiye niliyevificha. Nisamehe vijiko vinne, baba.

Lala sasa.

Binti yako aliyekukanda mgongo